Umeme wa akiba nyumbani: mwongozo kamili wa betri, inveta na jenereta, toka hesabu mpaka kuwasha

Watu wengi wakishachoka na umeme kukatika katika wanakimbilia dukani kuuliza inveta ya wati ngapi inatosha nyumba nzima, na hapo ndo hela inapoanza kupotea, maana inveta haitunzi umeme wowote, kazi yake ni kugeuza ule ulioko kwenye betri uwe kama wa ukutani basi. Chukulia betri ni tenki na inveta ni koki, ukifunga koki kubwa kwenye tenki dogo hupati maji mengi, unayamaliza haraka tu. Kwahiyo hapa tunaanza na hesabu, alafu betri, alafu namna ya kuijaza hiyo betri, inveta inakuja baadae, na kufunga ndo mwisho kabisa. Hilo la kuijaza usiliruke hata kama una haraka, kwasababu betri nyingi sana za majumbani zinakufa mapema kwa kutojaa kuliko zinavyokufa kwa kutumika.

Hatua ya 1: Andika umeme unakatikaje kwako

Kabla hujatoa hata senti, kwa wiki mbili hivi andika kwenye simu umeme umeondoka saa ngapi na umerudi saa ngapi. Inaonekana kazi ndogo ila ndo inaamua kila kitu huko mbele. Kuna nyumba umeme unaondoka nusu saa mara tatu kwa siku, kuna nyumba unaondoka jioni kwa masaa manne mfululizo, na kuna sehemu ukiondoka umeondoka mpaka kesho, na hawa watatu hawahitaji kitu kimoja. Wa kwanza pengine anahitaji kifaa kidogo cha kushikilia rauta na taa mbili tu na maisha yanaendelea.

Alafu andika na upande wa pili ambao watu wanausahau: umeme ukirudi, unakaa masaa mangapi kabla haujaondoka tena? Hayo ndo masaa ya betri yako kushiba. Kama ni matatu, manne tu kwa siku basi aina ya betri unayotakiwa kununua inabadilika kabisa, tutafika hapo.

Hatua ya 2: Chagua nini kitawaka, na toa vyote vinavyotengeneza joto

Zunguka nyumba nzima na uandike vitu ambavyo kweli vinatakiwa kuwaka umeme ukiwa haupo. Kwa kawaida taa ya LED ni wati 5 mpaka 10, rauta ya intaneti wati 8 mpaka 12, tivii ya LED ya inchi 32 ni kama wati 40 mpaka 60, laptopu wati 45 mpaka 65 inapochaji, feni wati 40 mpaka 75. Kila kifaa kina kibandiko nyuma au kwenye chaja yake kinachosema wati, na kama kimeandikwa volti na ampea tu unazizidisha unapata wati kwa kukadiria.

Sasa vitu vya joto. Pasi inakula wati 1,000 mpaka 2,000, birika la umeme 1,500 mpaka 2,200, jiko la umeme, hita ya maji, draya ya nywele, maikrowevu iliyoandikwa 800 yenyewe inavuta kama 1,200 ukutani. Hivi vyote vitoe kwenye orodha bila kuvionea huruma. Mtu anayesema "ila pasi natumia dakika kumi tu" anasahau kwamba inveta, waya, fyuzi na betri vyote itabidi vinunuliwe vikubwa mara nne tano kwa ajili ya hizo dakika kumi, kwahiyo pasi piga umeme ukiwepo, na kupika tumia gesi au chochote kisicho umeme.

Friji ndo inasumbua watu. Friji ya kawaida ya nyumbani kompresa ikiwa inazunguka inakula wati 100 mpaka 150 hivi, na inazunguka na kupumzika, ila ile sekunde inapostuka kuwaka inaweza kuvuta mara tatu mpaka sita ya hapo au hata zaidi, na inveta ndogo inazima hapo hapo. Kabla hujaipangia bajeti kubwa jua hili: friji ikiwa imefungwa bila kufunguliwa funguliwa inashika ubaridi salama kama masaa manne, na friza iliyojaa inaweza kukaa masaa 48, iliyojaa nusu masaa 24. Kama umeme kwako unaondoka masaa mawili matatu, friji haihitaji betri, inahitaji watu waache kuifungua. Jaza chupa za maji kwenye friza zigande, zinasaidia sana. Ila kama nyumbani kuna insulini au dawa nyingine ya kukaa baridi, au mgonjwa anatumia mashine ya oksijeni ambayo inaweza kula wati 300 mpaka 600 muda wote, hiyo ndo inakuwa namba moja kwenye orodha na kila kitu kingine kinaipisha, na kwa mashine ya oksijeni usitegemee betri peke yake, uwe na mtungi wa oksijeni wa akiba pembeni na uongee na wahudumu wa afya wakuelekeze utatosha muda gani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wati-saa

Hii ndo hesabu yenyewe na haina ugumu: wati za kifaa zidisha kwa masaa kitakayowaka. Tuchukue nyumba inayotaka kuvuka masaa matano ya jioni.

Taa 4 za wati 7 kwa masaa 5 ni 140.
Rauta wati 10 kwa masaa 5 ni 50.
Tivii wati 50 kwa masaa 4 ni 200.
Laptopu wati 60 kwa masaa 3 ni 180.
Simu tatu, kila moja kama 20, ni 60.
Feni wati 50 kwa masaa 5 ni 250.

Jumla wati-saa 880. Sasa usiende dukani na hiyo 880, maana inveta yenyewe inapoteza kiasi inapogeuza umeme, nyingi zinatoa kama asilimia 85 mpaka 92 ya kile kilichoingia, na ikiwa imewashwa tu bila kitu chochote bado inakula wati 10, 20, na zile kubwa hata zaidi. Gawanya 880 kwa 0.85 unapata kama 1,035, ongeza wati 10 za inveta kwa masaa matano, unakaribia 1,100. Hiyo 1,100 ndo namba yako ya kutembea nayo, iandike mahali.

Andika na namba ya pili: jumla ya wati zote zikiwaka kwa wakati mmoja. Taa 28, rauta 10, tivii 50, laptopu 60, simu zote 45, feni 50, jumla 243. Unaona? Nyumba nzima imewaka, watu wanaangalia tivii, feni inazunguka, na mzigo haujafika hata wati 300. Ndo maana yule anayeuziwa inveta ya wati 3,000 kwa matumizi haya anabeba mzigo usio wake, na mbaya zaidi hiyo inveta kubwa inamnywea betri hata ikiwa haifanyi kazi.

Hatua ya 4: Chagua betri

Betri inaandikwa volti na Ah, yani ampea-saa. Zidisha unapata wati-saa, kwahiyo betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ila siyo zote unaruhusiwa kuzitumia.

Betri za risasi, yani zile nzito, ziwe za kuongeza maji, au zilizozibwa za AGM au jeli, unatakiwa utumie nusu tu ikibidi sana asilimia 60, ukizikausha zaidi ya hapo kila siku zinachoka ndani ya muda mfupi. Kwahiyo Ah 100 inakupa kama 600 za kutumia. Kwa mfano wetu wa 1,100 unahitaji 2,200, yani betri ya Ah 200 ya volti 12 au mbili za Ah 100. Zina uzito wa kama kilo 30 kila Ah 100, panga mapema zitakaa wapi.

Betri za lithiamu aina ya LiFePO4 unatumia asilimia 80 mpaka 90 bila wasiwasi. Ya Ah 100 ina volti 12.8 kwahiyo wati-saa 1,280, ukichukua 1,100 unakuwa umetumia asilimia 86, inabeba mfano wetu peke yake ingawa bila nafasi ya ziada. Uzito ni kama nusu au chini ya nusu ya ile ya risasi, na mizunguko ya kujaa na kuisha inahesabika kwa maelfu wakati ya risasi ni mamia. Bei ya kununua iko juu, kweli, ila gawanya bei kwa wati-saa unazoruhusiwa kutumia na kwa miaka itakayokaa, usilinganishe Ah kwa Ah maana utajidanganya.

Betri ya gari usiifunge kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, sahani zake ndani ni nyembamba na ukiitumia taratibu masaa matano kila siku mpaka chini inakufa ndani ya miezi. Inauma kuona mtu ametumia akiba yake yote kwenye betri ambayo haikutengenezwa kwa hiyo kazi, na aliyemuuzia alikuwa anajua.

Usichanganye betri mpya na ya zamani, wala aina mbili tofauti, wala Ah tofauti. Ile dhaifu inaivuta nzima chini na zote mbili zinaharibika. Kama unajua utahitaji mbili nunua mbili siku moja.

Hatua ya 5: Hesabu betri itajaa lini

Hapa ndo niliposema usiruke. Betri ya risasi haipendi kuharakishwa, kanuni ya mafundi wengi ni ampea za chaja ziwe kama moja ya kumi ya Ah, kwahiyo betri ya Ah 200 inataka chaja ya ampea 20. Umetumia nusu, yani Ah 100, unadhani masaa matano itakuwa imejaa, ila haiko hivo, kwasababu ikifika kama asilimia 80 inaanza kupokea umeme kidogo kidogo na hiyo sehemu ya mwisho inaweza kuchukua masaa matatu, manne mengine. Jumla ni masaa nane mpaka kumi ya umeme usiokatika.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya 1. Kama umeme kwako unakaa masaa manne alafu unaondoka tena, betri ya risasi haitajaa leo, haitajaa kesho, na betri ya risasi ikikaa siku nyingi bila kujaa sahani zake zinaota salfeti ngumu ambayo haiyeyuki tena, uwezo unashuka, ile ya masaa matano inakuwa masaa mawili na mwenye nyumba anaanza kulaumu inveta. Nguvu imeshaondoka na hairudi.

LiFePO4 haina hilo tatizo, inaweza kukaa nusu bila kuumia, na nyingi zinapokea chaji ya nusu ya Ah zake, yani ya Ah 100 inapokea ampea 50 na inajaa kama masaa mawili mpaka matatu. Kwahiyo kwa sehemu ambazo umeme unarudi kwa muda mfupi mimi nasema wazi, kusanya hela ununue lithiamu ndogo kuliko kununua risasi kubwa sasa hivi. Kwa sehemu ambazo umeme upo siku nzima unaondoka mara moja moja, risasi inatosha vizuri tu na haina haja ya kujikamua.

Angalia pia chaja iendane na betri. Za risasi zinataka kama volti 14.4 wakati wa kujaza alafu zishuke kwenye 13.6 hivi za kushikilia, LiFePO4 nyingi zinataka 14.2 mpaka 14.6 na hazihitaji yale matibabu ya volti za juu ambayo baadhi ya chaja za risasi zinafanya kuondoa salfeti. Kwenye inveta yenye chaja ndani kuna mpangilio wa kuchagua aina ya betri, hakikisha umechaguliwa, watu wengi wanaacha ulivyotoka kiwandani.

Hatua ya 6: Sasa ndo inveta

Mzigo wetu ulikuwa wati 243. Inveta ya wati 500 au 600 inatosha, ukitaka nafasi ya kukua chukua 1,000. Ukitaka friji iwemo basi anzia 1,000 yenye uwezo wa kubeba 2,000 au zaidi kwa sekunde chache za kustuka, na ile hesabu ya betri unairudia upya na friji ikiwa ndani.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye boksi. La kwanza, kuna VA na kuna wati, na VA (volti zidisha ampea) mara nyingi ni namba kubwa zaidi kwahiyo ndo inaandikwa kwa herufi kubwa. VA 1,000 inaweza kuwa wati 800, na kwenye UPS nyingi ndogo, yani vile viboksi vya akiba vyenye betri yake ndani, ni kama wati 600 tu. Uliza wati. La pili, liwe limeandikwa "pure sine wave", yani wimbi safi kama la umeme wa ukutani. Zile za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi ngazi, taa zitawaka na simu itachaji lakini feni inaguruma, mota ya friji inapata moto kuliko kawaida, na baadhi ya vifaa vya hospitali na chaja vinagoma kabisa. La tatu ni matumizi yake ikiwa imekaa bure, tafuta kwenye karatasi ya maelezo, wati 10 na wati 40 ni tofauti kubwa ukiiacha imewaka usiku kucha: 40 kwa masaa kumi ni wati-saa 400, hiyo ni theluthi ya betri yetu imeliwa na hakuna taa iliyowaka.

Kama shida yako ni intaneti tu, inveta huhitaji kabisa. Rauta nyingi zinatumia volti 12 au 9 kwenye kile kiplagi chake cha duara, na kuna viUPS vidogo vya moja kwa moja vya volti hizo ambavyo vinakaa na rauta masaa kadhaa. Soma volti kwenye adapta ya rauta kabla hujachomeka, ukikosea unaiunguza. Pawabenki ya mAh 20,000 nayo ina kama wati-saa 74 ndani, ukitoa upotevu inachaji simu ya kawaida mara tatu, wakati mwingine nne. Kwa mtu aliyepanga chumba kimoja hivi vitu viwili na taa ya kuchaji vinamaliza tatizo na hela nyingine anafanyia mambo mengine.

Hatua ya 7: Waya na fyuzi, sehemu inayounguza nyumba

Upande wa betri volti ni ndogo, haikupigi shoti ya kukuangusha, na hiyo ndo inawafanya watu wadharau. Ila ampea zake ni nyingi mno. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni ampea 83 kwa hesabu ya kawaida, ongeza upotevu wa inveta na volti za betri zinaposhuka mpaka 11 hivi unavuka ampea 100. Waya mwembamba wa nyumba kwenye ampea 100 unayeyuka plastiki yake ndani ya muda mfupi na unawaka.

Kwa inveta ya wati 1,000 ya volti 12 tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 35, mfupi kadiri inavyowezekana, mita moja inapendeza, vichwa vyake vibanwe kwa koleo maalum visikunjwe kunjwe tu kwenye nati. Ukienda juu ya wati 1,500 hivi hamia mfumo wa volti 24, ampea zinapungua nusu.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20 au 30. Wengine wanaiweka karibu na inveta na hapo haisaidii, maana waya ukichubuka katikati hakuna kitu cha kuukata. Fyuzi inalinda waya, kwahiyo inachaguliwa kwa kuangalia waya: kwa mfano huu ya ampea 125 au 150, na iwe imeandikwa ya DC, yani umeme wa betri. Breka ya kawaida ya ukutani ya AC usiitumie hapa, umeme wa DC ukikatwa unaacha cheche inayoendelea kuwaka ndani ya breka isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Utaratibu wa kuunga: vua pete na saa ya chuma, funga tepu kwenye mpini wa spana, inveta iwe imezimwa. Unga chanya kwanza, alafu hasi. Siku ya kufungua unaanza na hasi. Cheche ndogo wakati wa kugusisha mara ya kwanza ni kawaida, ni inveta inajaza kapasita zake. Kama una betri mbili sambamba, chanya ya kwenda kwenye inveta toa betri ya kwanza na hasi toa betri ya pili, hivo zote zinachoka sawa.

Betri ya risasi ikiwa inachaji inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka, kwahiyo ikae mahali panapopita hewa, mbali na moto na cheche, na kamwe isikae chini ya kitanda au kwenye kabati lililofungwa. Joto nalo linaiua, kila nyuzi 10 za sentigredi zinazozidi 25 zinakata maisha yake kama nusu, kwahiyo kona yenye kivuli inalipa kuliko watu wanavyofikiri.

Hatua ya 8: Kuunganisha na nyumba

Njia rahisi na salama kuliko zote ni kutoa umeme moja kwa moja kwenye soketi ya inveta, unavuta ekstensheni mpaka kwenye tivii na rauta. Haipendezi sana machoni ila hakuna kitu kinachoweza kwenda kombo na nyaya za nyumba.

Ukitaka taa za darini ziwake zenyewe, muite fundi umeme mwenye leseni atenganishe saketi za akiba kwenye boksi dogo lake na aweke swichi ya kubadilisha, ile ambayo lazima iachie upande mmoja kabla haijashika mwingine, na ikate laini na nyutro zote mbili. Inveta nyingi zenye chaja ndani zinabadilisha zenyewe kwa milisekunde 10 mpaka 20 na kompyuta haizimi. Mambo ya nyutro, ethi na kile kifaa cha kukata umeme ukivuja muachie yeye, yanategemea inveta na kanuni za sehemu ulipo.

Kitu ambacho nakuomba usikifanye hata kwa dakika moja ni ule waya wenye plagi dume pande zote mbili, mtu anachomeka kwenye jenereta au inveta alafu upande wa pili kwenye soketi ya ukutani. Umeme wako unatoka nyumbani unarudi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma inafanya kazi pande zote, ile inayoshusha volti 11,000 ndo itapandisha za kwako mpaka maelfu, na juu ya nguzo kuna mtu anashika waya akijua umezimwa. Mafundi wa laini wanakufa hivi. Na umeme wa kawaida ukirudi ghafla huku chako kimewaka, inveta au jenereta inapasuka.

Hatua ya 9: Kama utaongeza sola au jenereta

Sola ni nzuri hasa kwa yule ambaye umeme haukai muda wa kutosha kujaza betri. Paneli ya wati 100 sehemu yenye jua zuri la masaa manne mpaka matano kamili inakupa kama wati-saa 300 hivi kwa siku baada ya upotevu, kwahiyo kwa mfano wetu wa 1,100 unahitaji wati 400. Chaji kontrola ndo kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri kuongoza chaji, na ziko aina mbili, MPPT na PWM; ya MPPT inavuna zaidi ya PWM, hasa paneli zenye volti kubwa. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kuangusha uzalishaji wa paneli nzima, angalia paa asubuhi na jioni kabla hujachimba matundu.

Jenereta ni ya umeme unaoondoka siku nzima au zaidi. Hewa yake chafu ina kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na inaua familia nzima ikiwa usingizini. Haiwashwi ndani, wala barazani, wala kwenye gereji hata kama mlango uko wazi. Iwe nje, angalau mita sita toka kwenye milango na madirisha, ekzosi ikiangalia mbali na nyumba za kwenu na za majirani, na kama unaweza kupata kengele ya kaboni monoksaidi iweke karibu na vyumba vya kulala. Mafuta unaongeza ikiwa imezimwa na imepoa.

Ukiwa na betri na jenereta vyote viwili usiiache jenereta iungurume usiku kucha kwa ajili ya taa mbili, ni uharibifu wa mafuta. Iwashe masaa mawili matatu ijaze betri, ipooze friji, ivute maji, alafu izime mkae na betri kimya. Jenereta inafanya kazi vizuri ikiwa na mzigo wa nusu mpaka robo tatu ya uwezo wake. Ikikaa bila kazi iwashe mara moja kwa mwezi dakika 15 au 20 ikiwa na mzigo, na petroli usiiache miezi kwenye kabureta, inaganda na kuziba matundu.

Hatua ya 10: Ijaribu mchana kabla giza halijakujaribu

Betri ikiwa imejaa, zima swichi kuu mchana mkiwa wote nyumbani, washeni kila kitu cha kwenye orodha na muendelee mpaka masaa mliyopanga yaishe. Kila nusu saa gusa waya na viungio vya upande wa betri, vuguvugu kidogo sawa, kikiwa cha moto mpaka unatoa mkono zima, kuna nati haijakaza au waya ni mwembamba. Baadae acha betri ipumzike masaa machache bila mzigo upime: ya risasi ikiwa volti 12.7 imejaa, 12.2 ni kama nusu, 11.9 umeshaenda mbali sana. Kwa lithiamu volti hazikusaidii, zinakaa pale pale kwenye 13 na kitu muda mrefu alafu zinaporomoka mwishoni, funga mita ya shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Umeme unaporudi mara nyingi unakuja na volti za kupanda na kushuka dakika za mwanzo, chomoa tivii na friji wakati umekatika, au weka kifaa cha kuchelewesha dakika tatu mpaka tano ndo kiruhusu, kompresa nayo inahitaji hizo dakika kabla ya kustuka tena.

Matunzo siyo mengi. Betri za maji ziangalie kila mwezi, ongeza maji yaliyotoneshwa tu, na uongeze baada ya kuchaji maana yakiwa moto yanapanda, isipokuwa kama sahani zimeshaonekana, hapo zifunike kwanza kwa maji kidogo ndo uchaji. Vaa miwani na glavu, ni asidi ile. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa safisha kwa maji ya moto na brashi, kausha, paka grisi kidogo. Rudia lile jaribio la mchana kila miezi sita na uandike masaa, yakishuka chini ya asilimia 60 ya yale ya mwanzo anza kutafuta betri nyingine. Ya zamani ipeleke kwa wanaonunua betri chakavu ikiwa nzima na asidi yake ndani, usiimwage chini wala usiwaache watoto waichezee, risasi yake inaingia kwenye udongo na kisima na kukaa humo.